Kitu Kwenye Pafu la Mtoto Aliye Tumboni: Picha Inasema Nini, na Sisi Tufanye Nini?

Haya ni maneno tuliyoyasema Kibuyuni mbele ya vikundi vya kujisaidia vya akina mama wa mwani, wavuvi na wakulima. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.

  

 Tunajua bamvua limekaribia, na maji yakishatoka hakuna atakayebaki hapa kutusikiliza. Kamba za mwani hazingoji hotuba. Kwa hiyo tutasema yaliyotuleta, kisha tutawaachia maswali mkayajadili wenyewe.

Safari nyingine tumekuja hapa kuzungumza juu ya vyoo, maji safi, akiba na mikopo. Leo tumekuja na jambo ambalo wengi hawajawahi kulisikia: mama mjamzito anapigwa picha ya tumbo, kisha anaambiwa, "Kuna kitu kwenye pafu la mtoto." Mtauliza, hilo linahusu nini kikundi cha kujisaidia? Ngojeni tuwasimulie.

KOSA TULILOLIFANYA SISI

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa kikundi kimojawapo cha pwani hii alikwenda kupigwa picha. Kijiji hatukitaji. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Anasema yule mpiga picha alikuwa akizungumza vizuri, halafu akanyamaza. Akarudia upande mmoja wa kifua cha mtoto mara tatu, mara nne. Mwisho akaandika karatasi, akamwambia, "Mama, kuna kitu kwenye pafu. Urudi tena."

Yule mama hakulala. Kesho yake alikuja kwetu na ile karatasi. Sisi tuliisoma, hatukuielewa. Badala ya kusema hatuelewi, tulimwambia, "Usijali, mama. Mashine nazo hukosea. Omba Mungu." Tulidhani tunamfariji.

Mwezi wa nane alipigwa picha ya pili. Kile kitu kilikuwa kimepungua, hakionekani vizuri. Nyumba nzima ilifurahi. Karatasi ya kwanza ikakunjwa, ikawekwa chini ya sanduku pamoja na kanga. Mtoto akazaliwa, akalia kwa nguvu. Mavyaa akasema, "Mwana akizaliwa akalia, huyo ni mzima." Nani angebisha?

Kabla hajatimiza miaka miwili, mtoto yule alikuwa ameugua nimonia mara nne. Kila mara hupelekwa zahanati, hupewa dawa, hupata nafuu, halafu homa na kikohozi hurudi. Hakuna aliyeuliza habari za picha, na mama hakuitaja, kwa sababu sisi tulimwambia mashine hukosea. Maneno yakaanza kijijini. Wengine wakasema ni jini, wengine wakasema mama amerogwa na mke mwenziwe wa zamani. Mama akauza mwani wa msimu mzima kwa ajili ya nauli na dawa. Akaomba mkopo katika kikundi, na kikundi kikagombana: wengine wakasema fedha za kikundi si za mtoto wa mtu mmoja.

Mpaka siku moja daktari akaagiza picha ya kifua. Akaitazama, akamwuliza mama, "Huyu mtoto aliwahi kuonekana na kitu chochote kabla hajazaliwa?" Mama akarudi nyumbani, akafungua sanduku.

Mtoto alipasuliwa katika hospitali kubwa ya mjini. Leo anakimbia na wenzake. Lakini karibu miaka miwili ya mateso ilipotea, deni likabaki, na kikundi kikapungua watu. Kosa lile lilikuwa letu pia. Ndiyo maana tukaanza kuuliza madaktari na kusoma, na ndiyo maana tuko hapa.

MAPAFU YA MTOTO TUMBONI YANAFANYA KAZI GANI?

Mtoto aliye tumboni havuti hewa. Yumo ndani ya maji, katika ile chupa ya uzazi. Hewa safi na chakula hupata kwa damu ya mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mapafu yake yamejaa maji maji, na yanakua yakingojea siku ya kuzaliwa.

Hili ni jambo kubwa la kulielewa. Mtoto mwenye kasoro ya pafu anaweza kuishi vizuri kabisa tumboni, akicheza na kupiga mateke, kwa sababu bado hayategemei mapafu yake. Mtihani wake uko siku anapotoka. Ndiyo sababu mahali pa kuzalia ni jambo zito kwa mtoto wa namna hii.

PICHA INAONAJE NDANI YA TUMBO?

Mnaijua mapango ya Shimoni. Ukiita ndani, sauti inagonga ukuta na kukurudia. Huo ni mwangwi. Na wale wanaowapeleka wageni Kisite na Wasini kutazama pomboo wanajua kwamba pomboo hutoa sauti majini, akasikiliza inavyorudi, akajua samaki yuko wapi hata kama maji yamechafuka.

Altrasaundi ni hivyo hivyo. Kile kidude kinachopitishwa juu ya tumbo hutoa sauti nyembamba mno, sikio la binadamu haliisikii. Sauti ikigonga mfupa inarudi kwa nguvu, ikipita kwenye maji hairudi. Mashine hukusanya mwangwi huo na kuchora picha: mfupa huonekana mweupe, maji huonekana meusi. Haitumii mionzi kama eksirei. Hawa si watu wa kumchoma mtoto, kama wengine wanavyosema.

Jambo hili lilianza zamani kidogo. Daktari Ian Donald wa Glasgow, huko Uskoti, aliazima wazo la kifaa cha kiwandani cha kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1958 yeye na wenzake waliandika katika jarida la madaktari jinsi sauti ile inavyoweza kuonyesha uvimbe na mtoto ndani ya tumbo. Tangu hapo mashine zimekuwa ndogo na picha zimekuwa safi zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha angalau mara moja kabla ya kutimiza wiki 24, yaani kabla ya kumaliza mwezi wa sita hivi. Na wakati mzuri wa kukagua viungo vya mtoto ni kati ya wiki 18 na 22. Kabla ya hapo viungo ni vidogo mno.

Tuangalie hapa. Kuna picha ya haraka ya kujua mtoto amekaaje, ni mmoja au mapacha, kondo liko wapi. Na kuna picha ya kukagua viungo kimoja kimoja: kichwa, moyo, mapafu, uti wa mgongo, figo. Si kitu kimoja. Mama akienda aulize, "Mtanikagulia viungo vya mtoto pia?" Kuuliza si utovu wa adabu.

NI VITU GANI HIVYO VINAVYOONEKANA?

Pafu zima la mtoto huonekana kijivu, sawa sawa pande zote, na moyo uko mahali pake. Mpiga picha akiona sehemu nyeupe kuliko nyingine, au vifuko vyeusi vya maji, au moyo umesukumwa upande, anajua kuna jambo. Yapo ya aina kadhaa.

Kwanza, kuna sehemu ya pafu ambayo vijia vyake vya hewa havikujengeka sawa, vikawa vifuko vifuko. Madaktari huandika herufi CPAM. Zamani waliandika CCAM. Vifuko vikiwa vikubwa huonekana kama matundu meusi. Vikiwa vidogo sana, picha huonyesha donge jeupe tu, kama sifongo ya baharini ukiitazama kwa mbali.

Pili, kuna kipande cha pafu kilichojitenga. Hakikuungana na njia ya hewa, na damu yake hakipati kwenye mshipa wa mapafu bali moja kwa moja kwenye mshipa mkuu utokao moyoni. Mara nyingi kiko chini, upande wa kushoto. Daktari hukitambua kwa picha ya rangi inayoonyesha mwendo wa damu. Hiki huandikwa BPS. Wakati mwingine aina hizi mbili huchanganyika katika pafu moja.

Tatu, kuna kifuko kimoja cha maji kando ya bomba la hewa.

Na liko jambo jingine linalofanana na haya lakini ni tofauti: kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinakuwa na tundu, matumbo yanapanda kifuani na kubana mapafu. Hili kwa kawaida ni zito zaidi, na mtoto huhitaji msaada mkubwa akizaliwa. Basi mama akiambiwa "kuna kitu kifuani", swali la kwanza ni, "Ni kitu cha pafu lenyewe, au ni matumbo yamepanda?" Jibu lake linabadilisha mambo mengi. Kama aliyepiga picha hana hakika, mama apelekwe kwa mwingine mwenye ujuzi zaidi.

Haya yote ni nadra. Ni mtoto mmoja katika maelfu. Lakini huyo mmoja akiwa wa kwako, hesabu ya maelfu haikusaidii.

JE, MTOTO ATAPONA? KUJAA NA KUPWA

Hili ndilo swali ambalo kila mama huuliza, na sisi hatukuwa na jibu. Sasa tunalo, na kwa sehemu kubwa ni jibu jema.

Uvimbe wa CPAM hufuata desturi yake kama maji ya bahari. Huanza kukua mwezi wa tano na wa sita, hufika kilele karibu wiki ya 26 hadi 28, halafu husimama. Mtoto anaendelea kukua, na uvimbe unabaki nyuma. Mara nyingi hata hupungua. Kipande kilichojitenga nacho mara nyingi hunywea chenyewe. Kwa hiyo picha ya mwezi wa sita inaweza kutisha kuliko ya mwezi wa nane. Mkiona maji yamejaa, msidhani bahari itameza kijiji. Lakini pia msiondoe macho.

Hatari iko wapi? Uvimbe ukiwa mkubwa sana unasukuma moyo na kubana ile mishipa inayorudisha damu. Hapo mtoto huanza kujaa maji mwilini: maji tumboni, maji kifuani, ngozi inavimba. Umio ukibanwa, mtoto hawezi kumeza maji ya uzazi, na tumbo la mama linakuwa kubwa kupita miezi yake. Mtoto akijaa maji, mama naye anaweza kuvimba mwili na presha kupanda. Huu ni mgogoro wa watu wawili, na si wa kungoja kliniki ya mwezi ujao.

Kama mtoto hakujaa maji, zaidi ya watoto 95 katika 100 wanaishi. Akijaa maji na asitibiwe, wengi hufa, tumboni au mara baada ya kuzaliwa. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya picha za kurudia ziwe na maana.

Ipo hesabu moja ambayo madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, waliitoa mwaka 2002, na hutumika mpaka leo. Wanapima uvimbe urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha vyote pamoja, kisha wanazidisha kwa 0.52. Jibu wanaligawa kwa mzunguko wa kichwa cha mtoto. Tufanye pamoja. Uvimbe wa sentimita 4 kwa 3 kwa 3 ni 36. Mara 0.52 ni 18.72. Kichwa kikiwa na mzunguko wa sentimita 22, jibu ni 0.85. Huyu yuko pazuri. Uvimbe wa 6 kwa 5 kwa 4 ni 120, mara 0.52 ni 62.4, gawa kwa 22, ni karibu 2.8. Huyu yuko hatarini. Mpaka wenyewe ni 1.6. Akizidi hapo, huangaliwa kila wiki, au hata mara mbili kwa wiki. Wakati mwingine kifuko kimoja kikubwa cha maji huweza kukua ghafla, hata hesabu ikiwa ndogo; huyo pia asiachwe.

Hatuwafundishi hesabu hii ili mkapime wenyewe. Tunataka mjue kwamba lile neno "kuangalia" lina kipimo chake. Mama anayeambiwa arudi baada ya wiki mbili hasumbuliwi bure.

KUNA DAWA?

Wengi hawahitaji kitu chochote kabla ya kuzaliwa ila kuangaliwa. Kwa wale wenye vifuko vidogo vidogo na uvimbe mkubwa, madaktari humpa mama sindano za betamethasoni, mbili, moja leo na nyingine baada ya saa 24. Ni dawa ile ile wanayopewa akina mama wanaokaribia kuzaa kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Imeonekana kuzuia uvimbe kukua, na mara nyingine maji mwilini hukauka.

Kwa kifuko kikubwa cha maji, mtaalamu anaweza kuyavuta kwa sindano, au kuweka kijibomba cha kuyatoa. Na mwaka 1990 madaktari wa San Francisco, Michael Harrison na wenzake, waliandika jinsi walivyofungua tumbo la mama, wakatoa uvimbe katika kifua cha mtoto, wakamrudisha ndani aendelee kukua. Hayo yako katika hospitali chache sana duniani, na Kwale hayapo. Tusidanganyane. Lakini kuangalia, sindano ile, na kuchagua mahali pa kuzalia, hayo si mambo ya Marekani. Hayo tunaweza kuyapanga sisi.

MAHALI PA KUZALIA

Tazameni njia yetu. Kutoka hapa mpaka Kanana, Kanana mpaka Msambweni, halafu Ukunda, halafu Likoni, halafu feri. Mtoto aliyezaliwa usiku na kushindwa kupumua hawezi kungoja safari hiyo. Gari bora la kumsafirisha mtoto kama huyu ni tumbo la mama yake.

Kwa hiyo mama aliyeonekana na jambo hili asizalie nyumbani, wala asizalie zahanati. Kama uvimbe ni mdogo au umenywea, hospitali yenye hewa ya oksijeni, daktari na chumba cha watoto wachanga inaweza kutosha, na rufaa yetu huanzia Msambweni. Kama uvimbe bado ni mkubwa mwishoni mwa mimba, Mombasa au mbele zaidi, kunako madaktari wa kupasua watoto. Ushauri huo atautoa daktari. Kazi yetu ni kuhakikisha mama anafika kabla ya uchungu, si baada. Na jambo hili peke yake halimlazimu mama apasuliwe. Wengi huzaa kawaida.

"AMEZALIWA MZIMA, BASI IMEKWISHA"

Hapa ndipo tulipokosea sisi, basi sikilizeni vizuri. Uvimbe usipoonekana kwenye picha ya mwezi wa nane, haina maana umekwisha. Mara nyingi bado upo, ila umefanana rangi na pafu na mashine haiutofautishi. Mtoto anazaliwa, analia, ananyonya, ananenepa. Wengi wako hivyo. Hata eksirei ya kifua inaweza kuonekana safi. Picha inayomaliza ubishi ni ile ya CT, na kwa kawaida hufanywa katika miezi ya kwanza ya maisha.

Kwa nini kujisumbua? Kwa sababu ile sehemu ya pafu isiyopitisha hewa sawa sawa hukusanya uchafu, na nimonia inarudi rudi pale pale. Mara chache sana, saratani inaweza kuwa imejificha ndani yake. Mtoto mwenye dalili hupasuliwa. Asiye na dalili, madaktari wengine hupendelea kumpasua kabla ya mwaka mmoja, wengine humwangalia tu. Hilo ni la kuzungumza na daktari. Aliyetolewa kipande cha pafu akiwa mdogo kwa kawaida hukua vizuri, kwa sababu mapafu ya mtoto bado yanaongezeka katika miaka ya mwanzo.

Kila nyumba ijue dalili hizi: mtoto anapumua mbio, kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, anaguna, midomo inageuka rangi ya samawati, anashindwa kunyonya. Kuhesabu pumzi ni rahisi. Mtoto awe ametulia, simu iko mkononi, hesabu dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni mbio. Wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukiona hivyo, ni hospitali, usingoje asubuhi. Na ukifika, sema neno la kwanza: "Huyu alionekana na kitu kwenye pafu kabla hajazaliwa. Karatasi hii hapa."

MANENO YA MTAANI

Tumesikia mengi. Eti mama alikula kitu fulani. Eti alifanya kazi nzito kwenye mwani. Eti alipita mahali pabaya magharibi. Ndugu zetu, kasoro hii hutokea mapema, wakati vijia vya hewa vinapochipuka na kugawanyika kama matawi ya mti, na kitawi kimoja kikakosea. Hakusababishi mama, wala baba, wala jirani. Kwa kawaida hairithiwi, na mimba inayofuata huwa salama kama mimba nyingine yoyote.

Anayetaka kuombewa aombewe; sisi wenyewe tunaomba. Anayetaka kusomewa asomewe. Lakini dua isiwe badala ya kurudi kliniki. Na mavyaa zetu tunawaheshimu sana, ndiyo maana tunawaomba: mkisema ninyi "mwanangu, rudi ukapigwe picha", hakuna mume atakayekataa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Turudi kwa kile kikundi kilichogombana. Waliosema fedha za kikundi si za mtoto mmoja hawakuwa watu wabaya. Hawakuwa wamepatana mapema. Jambo likija ghafla, kila mtu hutetea mfuko wake. Basi tunashauri haya:

1. Mpatane leo, kabla hajapatikana mgonjwa, kwamba sehemu fulani ya mchango ni mfuko wa dharura wa uzazi. Muandike kwenye daftari: nani anastahili, kiasi gani, analipaje, na nani anatoa idhini usiku.

2. Kila mjamzito wa kikundi aende kliniki mapema, apate picha kabla ya wiki 24. Mhudumu wa afya wa jamii aliye kijijini awe na orodha ya wajawazito.

3. Kila nyumba ijiandikishe SHA. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha hakulipiwi, michango ndiyo inayolipiwa. Mama aulize mapema, katika hospitali anayokwenda, ni nini kinalipiwa na nini atatoa mwenyewe.

4. Muwe na namba ya dereva mmoja wa gari na mmoja wa pikipiki waliokubali bei kabla. Bei ya usiku ikizungumzwa usiku, ni bei ya mnyonge.

5. Karatasi ya picha isiwekwe sandukuni. Ibandikwe ndani ya kijitabu cha mama na mtoto, na mmoja wa kikundi aipige picha kwa simu, mama akikubali. Karatasi zimeloa maji na kuliwa na mchwa mara nyingi.

6. Mama akipewa habari nzito, aende na mwenzake mara ya pili. Mtu mwenye hofu husikia nusu. Mwenzake aulize: Ni kitu gani? Ni kikubwa kiasi gani? Mtoto amejaa maji? Turudi lini? Azalie wapi?

7. Habari za mama ni za mama. Asije akasikia mambo yake kisimani.

Ndugu zetu, hatukuja kuwatisha wajawazito. Picha nyingi huonyesha mtoto mzima. Na hata ile inayoonyesha kitu, mara nyingi mtoto huyo atakuja kukimbia ufukweni hapa. Lakini yule mama wetu tulimpa faraja wakati alihitaji ukweli na mtu wa kwenda naye. Siku hizi mtu akituletea karatasi tusiyoielewa, tunamwambia, "Hatuelewi, mama. Twende tukaulize." Inachukua nauli na siku nzima. Ni bora hivyo.

 Sasa maji yanatoka, tusiwacheleweshe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, mama mjamzito akiambiwa habari nzito leo, atamwambia nani kwanza? Kwa nini huyo?

2. Je, mtoto wa mwanakikundi mmoja ni jambo la kikundi? Wanaosema ndiyo na wanaosema hapana watoe sababu zao bila kukatizwa.

3. Kutoka kijijini kwetu mpaka hospitali yenye oksijeni ya watoto wachanga ni muda gani mchana, na muda gani usiku? Nauli ni kiasi gani?

4. Akina baba na mavyaa wana sauti gani katika kuamua mama azalie wapi? Tutawaingizaje katika mazungumzo haya?

5. Ni mara gani sisi wenyewe tulimfariji mtu kwa neno lisilo la kweli? Lilileta nini?